Sarafu za Mjerumani na Vyuma vya Mahameni: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye detekta (mashine ya kutambua metali ardhini) mikononi, au wanaokaribia kuinunua. Karibu zote zinauliza namna ya kupata sarafu za enzi za Mjerumani na Mwingereza kwenye mahame, yaani makazi yaliyohamwa, na nyumba ambazo zimebaki misingi tu. Zinazofanana tumezijibu kwa pamoja. Zile za "mali iliyofichwa" tumezisukuma kuelekea mwisho kwa makusudi.

Shamba tulilorithi Muheza lilikuwa sehemu ya shamba kubwa la mkonge la Mjerumani. Zimebaki ngazi tatu za mawe, tangi la maji lililopasuka na miembe sita iliyopandwa kwa mstari. Nianzie wapi?

Popote, ila si ndani ya msingi. Nyumba iliyoanguka imejaa misumari, bawaba, waya na mabati yaliyooza, na mashine italia mfululizo mpaka masikio yachoke. Tena sakafu haimezi sarafu: iliyoanguka ndani iliokotwa. Sarafu hupotelea kwenye nyasi, mchanga na vumbi, yaani nje.

Anzia mbele ya ngazi, nusu duara ya mita 10 hivi. Kisha nenda chini ya mwembe mkubwa kuliko yote, maana kivulini ndipo watu walipokaa, walipouziana vitu na kusubiri malipo. Halafu ifuate njia ya kutoka nyumbani kwenda kwenye maji. Mara nyingi bado inaonekana asubuhi jua likiwa chini, kama bonde jembamba katika majani. Mahali pa nne, na kwa maoni yetu penye mavuno kuliko pote, ni palipokuwa kambi ya vibarua. Hapo usitarajie rupia nyingi, zile sarafu kubwa za fedha. Utapata heller (sarafu ndogo za Mjerumani) moja moja na sarafu za shaba zilizoitwa pesa, kwa kuwa ndizo zilizokuwa mikononi mwa mtu anayenunua chumvi na tumbaku. Kambi utaitambua kwa vigae vya vyungu, mawe ya mafiga yenye masizi, na mara nyingine mstari wa minyaa iliyokuwa ua.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya shamba la mkonge haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ukiokota kitu cha zamani zaidi, jua kuna makazi mengine yaliyotangulia mahali hapohapo, na jibu la swali linalofuata linakuhusu zaidi.

Kabla ya kuwasha mashine, pita na fimbo. Nyasi ndefu karibu na tangi hufunika visima na mashimo ya vyoo ya zamani. Kisha funga kamba na ugawe eneo katika vipande vya upana wa mita 2. Koili, yaani duara la chini la mashine, iende sambamba na ardhi, sm 2 hadi 3 juu yake, na kila mpigo ufunike nusu ya mpigo uliotangulia. Ukimaliza, lipite eneo lilelile tena ukikatiza vipande vya kwanza. Sarafu iliyolala ubavu, au iliyojibanza kando ya msumari, hukaa kimya upande mmoja na kulia upande mwingine.

Je, ni halali? Mjomba anasema shamba ni langu na kilichomo ni changu. (Tumepokea barua za namna hii kutoka Tanga, Voi na Iringa.)

Mjomba amekosea. Kwa Tanzania Bara inatawala Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na majengo ya kabla ya 1886, na Waziri anaweza kutangaza kitu au eneo la miaka ya baadaye kuwa linalindwa. Kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu hivyo bila leseni ni kosa. Heller ya 1904 haifikii umri huo, ni kweli, ila mwenye detekta hajui kilicho chini mpaka awe ameshachimba. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kwa Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kwa hiyo sarafu ya Mombasa ya 1888 imo, na senti ya 1909 haimo. Anayegundua mahali au kitu chenye thamani ya kiakiolojia anatakiwa kuwapa taarifa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Zanzibar ina mamlaka yake ya mambo ya kale.

Katika utendaji, andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale kupitia afisa utamaduni wa wilaya, ueleze eneo na unachokusudia, na usubiri jibu la maandishi. Pata pia maandishi ya mwenye ardhi na ya serikali ya kijiji, yakisema kitakachopatikana kitagawanywaje. Mapatano ya mdomo huvunjika siku rupia ya kwanza inapoonekana. Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Gedi, Mji Mkongwe, maboma, makaburi na misikiti ya zamani yote ni marufuku, hata kwa "kupitisha mashine tu".

Nina mashine ya PI niliyoitumia Chunya kutafuta dhahabu. Inafaa kwa sarafu?

Inaona mbali, lakini itakuvunja mgongo. Mashine za mpigo, zinazoitwa PI, zimetengenezwa kwa udongo wenye madini mengi ya chuma na hushuka chini kuliko nyingine. Udhaifu wake ni kuchuja chuma: nyingi hazifanyi hivyo kabisa, au hufanya kwa kubahatisha. Machimboni hilo halina shida, kwa sababu vyuma ni vichache. Kwenye hame utafukua sm 40 kwa ajili ya kipande cha jembe, kisha tena, kisha tena.

Kwa makazi ya zamani tumia VLF, yaani mashine ya masafa ya chini sana, ama ya masafa mamoja kati ya kilohezi 5 na 15, ama ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Hii ya pili ina nafuu kubwa pwani, ambako chumvi ya mchanga mbichi huifanya mashine ya masafa mamoja ipige kelele. Koili iwe ndogo, ya sm 15 hadi 23. Kubwa iache kwa uwanja mpana usio na takataka. Ongeza pinpointa (kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha mahali hasa kitu kilipo), koleo fupi lenye makali, kitambaa cha kumwagia udongo, na spika za masikioni. Spika si anasa, kwani mlio wa sarafu iliyozama ni mnong'ono tu.

Udongo wetu ni mwekundu (Moshi Vijijini) na detekta inalia hata nikiishika hewani karibu na ardhi. Fundi anasema ni mbovu.

Si mbovu. Udongo wa volkano na ule mwekundu wa laterite una oksidi za chuma zinazojibu mawimbi ya koili karibu kama chuma chenyewe. Fanya hivi. Tafuta hatua mbili za ardhi isiyo na kitu. Shusha unyeti, yaani wepesi wa mashine kusikia, hadi kama nusu ya kipimo. Washa usawazishaji wa ardhi, kisha pandisha na kushusha koili kati ya sm 30 na sm 3, taratibu, mpaka mlio wa kupanda na wa kushuka ulingane. Ndipo upandishe unyeti kidogokidogo, na ukisikia mkwaruzo rudi nyuma hatua moja. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Katika shamba moja la migomba unaweza kulazimika kusawazisha mara nne.

Makosa mawili yanaonekana sana. La kwanza ni kupandisha unyeti hadi mwisho kwa imani kwamba ndiyo kina. Katika udongo mwekundu unyeti wa juu hupunguza kina, maana mashine inazama katika kelele zake yenyewe. La pili ni simu iliyoko mfuko wa mbele wa shati. Izime, au ihamishie kwenye begi mgongoni. Karibu na nyaya za umeme badilisha masafa kama mashine inaruhusu.

Kuhusu kina, tuseme wazi: sarafu ya ukubwa wa shilingi utaipata sm 15 hadi 20 katika udongo mwepesi, na pengine sm 10 tu katika huo wenu. Picha za matangazo zenye mshale unaofika mita moja zinahusu ndoo, si sarafu.

Namba kwenye kioo zinamaanisha nini? Nimechimba namba kubwa mara nyingi na kupata bati.

Namba inapima jinsi umeme unavyopita katika kitu kwa kuchanganya aina ya metali, ukubwa, unene na umbo lake. Haikutajii jina la kitu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 99 chuma kidogo hukaa chini, fedha nene hukaa juu, na kilichobaki hugombania katikati.

Bati na kizibo cha soda hudanganya kwa sababu ni vipana na bapa, kwa hiyo mkondo huzunguka ndani yake kama katika metali nzuri. Namna ya kuwaumbua ni kuzunguka kitu robo duara na kupiga tena. Sarafu hutoa mlio uleule kutoka pande zote, na namba yake hucheza tarakimu mbili tatu tu. Bati hubadilika, hukatika, na mwisho wa mlio husikika mkwaruzo wa chuma. Inua koili sm 10. Kama mlio bado ni mkubwa vilevile, kitu hicho ni kikubwa kuliko sarafu.

Sasa jambo linalowapotezea watu sarafu nyingi zaidi. Heller 10 ya 1908 hadi 1914, ile yenye tundu, ni ya shaba na nikeli. Vivyo hivyo senti 10 zenye tundu za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda zilizotolewa kabla ya 1921. Mchanganyiko huo haupitishi umeme vizuri, na mlio wake huangukia palepale penye vipete vya makopo ya soda. Anayechuja vipete anatupa sarafu hizo zote. Kuanzia 1921 senti 5 na 10 za tundu zilikuwa za shaba nyeusi, na hizo hulia juu zaidi. Ushauri wetu kwa hame la kabla ya 1920 ni kufukua kila mlio wa katikati wenye duara safi, hata kama utajaza mfuko kwa takataka.

Tengeneza jedwali lako mwenyewe. Chukua heller moja iliyolika, senti 10 ya tundu, shilingi ya Mfalme George wa Tano na kizibo cha bia. Vifukie kimoja kimoja sm 10 katika udongo wenu, uandike namba na mlio. Jedwali la mtu wa Dodoma halikufai Moshi.

Na usishangae ukikuta vidonge vyeupe vinavyomeguka. Senti 1 na nusu senti za 1907 na 1908 zilikuwa za alumini, hali ya hewa na jasho vikazila haraka, na mwaka 1909 wakahamia shaba na nikeli.

Sarafu niliyoipata Bagamoyo ina mizani upande mmoja na mwaka ١٢٩٩. Ina miaka zaidi ya 700?

Hapana, huo ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 inakupa 1882. Hiyo ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Ipo nyingine ya 1304, yaani 1887. Ya 1306 yenye mizani na neno Mombasa ni ya kampuni ya Waingereza, 1888. Ukiona tai wa Kijerumani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, ni pesa ya kampuni ya Wajerumani, 1890 hadi 1892. 64 kati yake zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani waliingia mfumo wa mia: heller 100 kwa rupia.

Na wale watatu walioandika wakisema wana "reali ya 1780": tarehe hiyo haithibitishi kitu. Reali ya Maria Theresa iligandishwa kwenye mwaka 1780 na imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi leo. Uzito wake ni gramu 28.07.

Nyanya alikuwa na sarafu kubwa ya njano yenye taji na T. Ni dhahabu?

Ni shaba ya njano. Hiyo ni heller 20 ya Tabora ya 1916, yenye taji, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani) na T ya Tabora. Waingereza walikuwa wamefunga bahari na sarafu kutoka Ulaya hazikufika, basi Wajerumani wakapiga zao katika karakana ya reli Tabora, wakitumia maganda ya risasi na vyuma vilivyopatikana. Kazi ilikwisha kabla ya Wabelgiji kuingia mjini Septemba 1916. Zilipigwa nyingi, kwa ubora wa chini: kingo hazilingani, maandishi mengine yamekufa tangu siku ya kwanza. Mchoro hafifu usikutie shaka.

Ya dhahabu ni nyingine, rupia 15 yenye tembo, milimita 22, gramu 7.17, dhahabu ya 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000. Zilipigwa 16,198 kutokana na dhahabu ya Sekenke. Za kughushi zipo tele. Jipimie mwenyewe kwa mizani ya sonara ya gramu 0.01. Pima sarafu. Weka glasi ya maji juu ya mizani na urudishe kwenye sifuri. Ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote bila kugusa chini wala ukuta, usome namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Rupia 15 halisi itatoa kati ya 14 na 16, shaba ya njano itatoa kama 8.5. Rupia ya fedha yenye gramu 11.66 itatoa karibu 10.3. Viputo vya hewa vilivyong'ang'ania sarafu huharibu hesabu, hivyo vipanguse kwa brashi laini.

Nilizisafisha kwa limao na majivu zikang'aa, lakini mnunuzi akakataa. Kwa nini?

Kwa sababu uliondoa ngozi yake. Limao ni asidi, majivu ni msasa, na mkusanyaji anatambua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitupia jicho. Koka, siki, dawa ya meno na steelwool ni ndugu wa limao.

Fedha ya kiwango cha juu, kama rupia ya 917, iloweke katika maji ya betri, ubadilishe kila siku kwa wiki moja, kisha uondoe udongo kwa njiti ya mianzi. Soma kibandiko kabla: maji ya betri na asidi ya betri huuzwa katika chupa zinazofanana. Weusi uliotanda sawasawa uache. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na shaba iliyomo hutoka nje kama gamba la kijani. Hizo loweka kwa muda mrefu zaidi, wala usitegemee kuona simba akiwa mzima kila mara.

Shaba ikaushe, uisafishe kwa njiti chini ya kioo cha kukuzia, basi. Ila chunguza kitu kimoja, hasa kwa sarafu za pwani: vidoa vya kijani hafifu vya unga vinavyorudi hata ukivifuta. Hiyo ni kloridi inayokula shaba kutoka ndani, na haikomi yenyewe. Itenge. Iweke katika kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko hulewa unyevu, kwa hiyo mimina chembe zake kwenye sinia na uzikaushe ovenini nyuzi 110 kwa saa mbili kila baada ya miezi michache. Ikiwa unga umeenea, loweka sarafu katika mmumunyo wa soda ya kufulia, asilimia 1 kwa maji ya betri, ubadilishe kila wiki mpaka unga usirudi; rangi inaweza kubadilika. Wapo wanaotumia magadi ya dukani. Asili yake inakaribia dawa wanayotumia watu wa makumbusho, lakini yana chumvi ya kawaida ndani, na chumvi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Usizihifadhi katika plastiki laini yenye harufu ya mpira. Bahasha ya karatasi inatosha.

Na vyuma? Nina kufuli kubwa lililoota kutu hadi tundu la ufunguo halionekani.

Umeme. Chukua ndoo ya plastiki, maji lita 4, soda ya kufulia kijiko kimoja kikubwa. Ning'iniza kufuli kwa waya uliounganishwa na upande hasi wa chaja ya volti 12. Upande chanya unganisha kipande cha nondo au bati la chuma cha kawaida. Visigusane. Usitumie chuma cha pua upande chanya, kwani hutoa kromiamu yenye sumu majini. Fanyia nje, pasipo moto, maana viputo ni haidrojeni. Usitie chumvi "ili iende haraka": hutoa klorini.

Vipovu vidogo vya mfululizo vinatosha. Vikichemka, ongeza umbali kati ya vyuma. Zima umeme kila baada ya saa 6, sugua kwa brashi, rudisha. Kufuli nene linaweza kuchukua siku tatu. Kisha lichemshe katika maji ya betri, likaushe papo hapo, ulipake nta ya joto. Ukiliacha nusu saa tu likiwa na unyevu, kutu ya chungwa inarudi. Kama kufuli lina sehemu za shaba, au chuma kimebaki ganda tu bila kiini (lijaribu kwa sumaku ndogo: mvuto ukiwa dhaifu sana, kiini hakuna), usilitie ndooni. Litameguka.

Kikasha kidogo cha bati chenye vishikizo viwili vya kamba, kimetoka shamba la zamani la mlowezi karibu na Nyeri.

Maelezo yako yanalingana na kikasha cha kipande. Tangu miaka ya mwanzo ya 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi nchini Kenya alilazimishwa kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha kama hicho. Usikifungue kwa nguvu. Karatasi iliyobaki ndani, ikikauka ghafla, inakuwa vumbi. Kitie katika mfuko uliofungwa pamoja na unyevu wake, ukipeleke kwenye makumbusho au Nyaraka za Taifa. Namba au jina likisomeka, kuna familia inayohusika, na kwetu sisi hicho si kitu cha kupigiwa bei mnadani.

Kuna jiwe lenye msalaba na herufi karibu na mto. Wazee wanasema ni alama ya dhahabu ya Mjerumani. Tuna mtu mwenye mashine ya antena mbili inayoona dhahabu kilomita moja.

Jiwe hilo kwa uwezekano mkubwa ni bikoni ya wapimaji, jiwe la mpaka wa shamba au alama ya reli. Wajerumani walipima nchi kwa bidii na kuchora ramani zake kwa kipimo cha 1:300,000, na alama zao bado zimetapakaa. Kung'oa bikoni ni kosa.

Mashine ya antena mbili haifanyi kazi: haina koili, na mara nyingi haina hata saketi ya maana, mkono wa anayeishika ndio unaoigeuza. Mpime mwenyewe. Fukia pete ya dhahabu chini ya ndoo moja kati ya kumi bila yeye kuona, aitafute mara tano. Atakuja na sababu. Akitaka "gharama za kambi" kabla ya kuchimba, achaneni naye. Zebaki nyekundu nayo haipo, iwe ndani ya cherehani kuukuu, redio au bomu.

Dhahabu ya Sekenke iliyogeuzwa sarafu Tabora ilikuwa kilo 87 hivi kwa jumla, na iligawanywa kwa watu mmoja mmoja. Wasimulizi wa malori yaliyofukiwa hawaanzi na hesabu hiyo.

Taveta tunaokota maganda ya risasi. Tunatofautishaje ya Mwingereza na ya Mjerumani?

Tazama kitako. Ganda la .303 la Mwingereza lina ukingo uliotokeza nje ya mwili. La Mauser ya milimita 7.9 lina mfereji, na kitako hakizidi mwili. Ganda nene la milimita 11 ni la bunduki ya modeli ya 1871, ya baruti ya moshi, ambayo askari wengi wa Kijerumani walianza nayo vita 1914. Kwenye kitako cha Mwingereza tafuta herufi za kiwanda na namba ya Kirumi, mara nyingi VI au VII.

Kitako chenye kitobo cha kupigwa katikati, bila risasi mbele, ni ganda tupu. Chenye risasi bado mbele kiache. Kitu chochote cha umbo la chupa chenye pete ya shaba kiunoni, au kirungu chenye vifuniko, usikiguse, usikisafishe, usikipige picha kwa karibu. Weka alama mita 20 kutoka hapo na uwaite polisi. Miaka mia haijazima baruti. Kutu huifanya iwe na hasira zaidi. Kumbuka pia kwamba baadhi ya ngome za vita hivyo, kama Mzima, zimo ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na huko hata ganda tupu haliondoki.

Nikikuta chungu chenye sarafu nyingi?

Simamisha koleo. Usikitoe. Rudishia udongo, weka juu yake kitu kisichovuta macho, andika majira ya GPS yenye tarakimu tano baada ya nukta, na upige simu kwa afisa utamaduni siku hiyohiyo. Mpangilio wa sarafu ndani ya chungu, zipi chini na zipi juu, ndio unaoeleza kilijazwa siku moja au kwa miaka mingi, na ukishakimwaga hakirudishiki. Kanuni hiyo tungeipeleka mbali zaidi: chochote kilicho chini ya kina cha jembe, yaani sm 25 hivi, hakijavurugwa na mkulima, basi na wewe usikivuruge.

Bahasha ya kila sarafu iandikwe nini?

Tarehe, majira ya GPS, kina kwa sentimita, rangi ya udongo, vilivyokuwa karibu (msumari, kigae, mkaa), na namba ya picha iliyopigwa na rula kando kabla ya kusafisha. Tumia penseli. Wino wa kalamu huyeyuka katika unyevu wa masika.